Kupanga Kambi ya Mafunzo katika Hifadhi ya Serengeti: Kazi ya Mwalimu na Kazi ya Wanafunzi

Utangulizi

Miongoni mwa njia za kufundishia ambazo mwanachuo hujifunza, ziara ya mafunzo ndiyo isifiwayo sana na kutumiwa kidogo. Sababu zitolewazo ni fedha, muda na hofu ya ajali, nazo ni sababu za kweli. Lakini iko sababu nyingine isiyotajwa mara nyingi. Ziara hupangwa na mwalimu peke yake, naye mwanafunzi huitwa siku ya mwisho apande gari. Mwanafunzi wa namna hiyo hana tofauti na gunia la unga lililopakiwa pamoja naye: hupelekwa, hurudishwa, na shule hubaki ikiuliza fedha zile zilinunua nini.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kupanga safari ni somo kubwa kuliko safari yenyewe, na kwamba sehemu kubwa ya mpango yafaa ikabidhiwe wanafunzi. Papo hapo tutaonyesha kwamba yako mambo machache ambayo mwalimu hana ruhusa ya kuyakabidhi kwa mtoto yeyote. Kuujua mpaka uliopo kati ya mambo hayo mawili ndio ustadi tunaotaka mwanachuo aupate. Mfano wetu ni kambi ya siku 3, yaani usiku 2, katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa wanafunzi 30 wa Darasa la VI kutoka shule ya wilaya ya Tarime au ya Serengeti, mkoani Mara.

Jirani si mtalii

Vitabu vingi huieleza Serengeti kana kwamba msomaji yuko mbali nayo. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951, mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959 Ngorongoro ilipotengwa, na mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lake ni kilometa za mraba 14,763. Hayo yote ni kweli na yafaa yafundishwe. Lakini mtoto wa Robanda, wa Mugumu au wa Kegonga hahitaji kuambiwa tembo ni nani. Huenda amewahi kukesha na wazazi wake wakipiga madebe ili kumfukuza tembo shambani. Huenda mbuzi wa kwao amechukuliwa na fisi. Na katika darasa la wanafunzi 30, si ajabu akawepo mmoja ambaye baba au kaka yake aliwahi kufungwa kwa kosa la kuwinda ndani ya hifadhi.

Kwa hiyo mwalimu asianze kwa kusifu. Aanze kwa kuuliza. Juma la kwanza la maandalizi litumike kukusanya yale ambayo watoto na wazee wao wanayajua tayari: wanyama gani hupita kijijini, miezi gani, wanaharibu nini, na watu wanajikinga vipi. Wengine wataeleza juu ya uzio wa kamba zilizopakwa pilipili, wengine juu ya mizinga ya nyuki iliyotundikwa pembezoni mwa shamba. Wazee wa Waikoma, Wanata na Wangoreme wanaweza kutaja mahali palipokuwa makazi au pa kutambikia ambapo leo ni ndani ya hifadhi. Baadhi ya koo za Wakurya zina mnyama wao wa kuheshimiwa. Mambo hayo yaandikwe ubaoni bila kuchekwa na bila kukanushwa.

Hapa mwanachuo aangalie jambo moja. Mwalimu hatetei ujangili. Sheria inakataza kuwinda ndani ya hifadhi na mtoto hana budi kuijua. Lakini mwalimu hakai pia katika kiti cha hakimu. Mtoto atakayeaibishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya kosa la baba yake hatajifunza uhifadhi, atajifunza kunyamaza. Swali linalofaa darasani ni hili: hifadhi inatupa nini, inatugharimu nini, na yafanywe nini ili gharama isiangukie nyumba chache tu? Swali hilo libebwe mpaka kambini.

Mambo matatu ambayo mwalimu hayakabidhi

Jambo la kwanza ni idhini. Mwalimu mkuu, kamati ya shule, ofisi ya elimu ya halmashauri na kila mzazi wapate taarifa kwa maandishi, na kila mzazi atie sahihi. Barua ya kuomba nafasi ya kambi ipelekwe kwa uongozi wa hifadhi mapema, miezi 3 kabla ikiwezekana. Barua iseme idadi ya wanafunzi, umri wao, madhumuni ya safari na siku zilizokusudiwa. Iulize viingilio vya wanafunzi Watanzania, maji, vyoo, na kama askari wa hifadhi ataweza kukaa na kundi usiku. Mwalimu asitegemee habari za mwaka jana, maana viwango na taratibu hubadilika.

Jambo la pili ni usalama. Viwanja vya kambi vya Seronera na Lobo havina uzio. Fisi hupita, na simba na tembo huweza kupita pia. Kwa ajili hiyo zipo kanuni ambazo hazipigiwi kura. Hakuna atokaye hemani usiku bila mtu mzima; kila hema liwe na ndoo yenye kifuniko. Chakula, hata kipande cha muwa, hakilazwi hemani. Hakuna anayeshuka garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa. Majina huitwa kila kundi linapopanda gari, linaposhuka, kabla ya kulala na baada ya kuamka, na mwalimu huita kwa orodha iliyoandikwa wala hahesabu vichwa tu. Mahema ya wasichana na ya wavulana yatengwe, na mwalimu wa kike awepo bila kukosa. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na mtu mmoja anayewajibika, na dawa za mtoto mwenye pumu au kifafa zikae kwake.

Jambo la tatu ni usawa. Safari ya shule ikiwa ya wenye fedha, shule imefundisha somo ambalo haikukusudia. Mwalimu ajue gharama yote kwanza, kisha atafute njia: mazao ya shamba la shule, mchango wa unga na maharage badala ya fedha, au makundi mawili yaendayo kwa miaka miwili. Mtoto asiachwe kwa sababu ya umaskini wa nyumbani kwao. Aidha, katika nyumba za wafugaji mvulana anayekwenda kambini ameacha ng'ombe nyuma, na msichana ameacha mtungi na wadogo zake. Mwalimu azungumze na wazazi ili wapange nani atashika kazi hizo kwa siku 3. Asipofanya hivyo, watoto hao ndio watakaokosekana asubuhi ya safari.

Mambo ambayo wanafunzi wapange wenyewe

Mengine yote yawe kazi ya darasa. Tunapendekeza wanafunzi wagawanywe katika kamati 5 za watu 6: kamati ya njia, ya chakula, ya maji na usafi, ya mahema na vifaa, na ya kumbukumbu. Kila kamati ipewe maswali, isipewe majibu. Tutoe mifano.

Majira. Kamati ya njia ichague mwezi na kutoa sababu. Nyumbu wa Serengeti huzaa katika nyanda za kusini karibu na Februari. Kisha mvua zikipungua huelekea magharibi na kaskazini, na kati ya Julai na Oktoba wengi wao huwa karibu na Mto Mara, ambao huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya na kuingia katika Ziwa Victoria. Masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara. Basi Julai, shule zikiwa zimefunguliwa na ardhi ikiwa kavu, unafaa kuliko Aprili. Lakini kamati igundue pia kwamba usiku wa Julai ni wa baridi, kwa kuwa Seronera iko katika mwinuko wa mita zipatazo 1,500. Uamuzi wa kamati ya njia umeongeza mablanketi katika orodha ya kamati ya vifaa. Hivyo ndivyo watoto wanavyoona kwamba uamuzi mmoja huzaa mwingine.

Njia. Tuseme shule iko mjini Tarime. Barabara ya kwenda Mugumu ina urefu wa kilometa zipatazo 87 nayo huvuka Mto Mara. Gari likienda kwa wastani wa kilometa 30 kwa saa, safari itachukua saa 2.9. Mwalimu atarajie kwamba wanafunzi wengi wataandika saa 2 na dakika 9. Asiwasahihishe upesi. Awaulize: 0.9 ya dakika 60 ni ngapi? Wakipata dakika 54 watajua kwamba nukta ya desimali si mpaka wa saa na dakika. Wawaulize pia madereva mwendo halisi, kwa kuwa sehemu za barabara zilizotiwa lami haziendwi sawasawa na sehemu za vumbi. Kutoka Mugumu hadi lango na hadi kambini wapime wenyewe katika ramani kwa uzi na kipimio. Kwa vile hairuhusiwi kuendesha gari usiku ndani ya hifadhi, kamati ihesabu kurudi nyuma: ili tuwe tumesimika mahema kabla ya saa 11 jioni, yatupasa kuondoka Tarime saa ngapi?

Chakula. Wanafunzi 30 na watu wazima 5 ni watu 35. Kamati ikikadiria gramu 200 za unga kwa mtu kwa mlo, mlo mmoja wa ugali utataka kilo 7, na milo 4 kilo 28. Maharage ya gramu 80 kwa mtu ni kilo 2.8 kwa mlo. Dagaa wakavu wa gramu 40 kwa mtu ni kilo 1.4. Mwalimu asiwape vipimo hivi. Wapike nyumbani au shuleni, wapime kabla na baada, na walete makadirio yao. Kisha darasa lijadili kwa nini ya huyu yamezidi ya yule.

Maji. Hili ndilo somo bora kuliko yote. Kamati ikiruhusu lita 5 kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupikia, watu 35 kwa siku 3 watahitaji lita 525. Madumu ya lita 20 yatakuwa 26.25. Daftarini jibu hilo ni sahihi. Kambini hakuna robo ya dumu, kwa hiyo ni madumu 27. Kisha mwalimu aulize: lita moja ya maji ina uzito gani? Ni kilo moja. Basi maji peke yake ni kilo 525, zaidi ya nusu ya tani, karibu mara 19 ya uzito wa unga. Papo hapo kamati itatambua kwamba swali la maji lilitakiwa kuwa la kwanza katika barua kwa uongozi wa hifadhi. Tena itaelewa, bila kuhubiriwa, kwa nini nyumbu hufuata mvua na kwa nini Mto Mara una thamani wakati wa kiangazi. Hesabu imekuwa jiografia.

Vifaa. Kamati iorodheshe mahema, vigingi, nyundo, tochi, filimbi, sufuria, mwiko, sabuni na mifuko ya kurudishia taka. Mifuko isiwe ya plastiki, kwa kuwa mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Kuni zisiokotwe hifadhini; kamati iulize kama inaruhusiwa kupika kwa mkaa au kwa gesi. Nguo zisiwe nyeusi wala za buluu iliyokoza, kwa sababu rangi hizo huwavuta mbung'o, wadudu waenezao malale. Mwalimu wa sayansi anaweza kufanya somo zima kwa jambo hili moja.

Kambi ya majaribio

Majuma 2 kabla ya safari, kundi lilale usiku mmoja katika kiwanja cha shule. Mahema yasimikwe kwa mikono ya wanafunzi, ugali usongwe kwa unga uliokadiriwa, majina yaitwe kwa saa zilizopangwa. Hapo itaonekana kwamba vigingi havitoshi, kwamba tochi tatu hazina betri, kwamba mtoto mmoja hutembea usingizini. Mambo hayo yakigunduliwa shuleni ni mafunzo. Yakigunduliwa Seronera ni hatari. Shule ambayo haitapata fedha za kwenda hifadhini isione kwamba imeshindwa: kambi hii ya shuleni, pamoja na matembezi ya kijijini na mazungumzo na wazee, tayari ina sehemu kubwa ya faida tuliyoieleza.

Kazi za kambini

Kosa la kawaida ni kujaza siku kwa kuzunguka na gari. Tunashauri saa za asubuhi ziwe za kutazama, mchana wa kuandika na kuchora, jioni ya mazungumzo. Kila mwanafunzi achague mnyama mmoja au mti mmoja amfuatilie kwa siku zote, badala ya kuandika orodha ndefu ya majina.

Kazi moja ya kuhesabu yafaa kuanzia darasani. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kwa kutumia ndege ndogo. Mtu anahesabuje kundi ambalo halitulii? Mwalimu amwage maharage juu ya mkeka uliogawanywa katika miraba 20. Wanafunzi wahesabu miraba 4 tu, watafute wastani, wazidishe kwa 20. Kisha wahesabu maharage yote na kulinganisha. Kambini wafanye vivyo hivyo kwa kundi la swala au nyumbu, wakiwa ndani ya gari. Watajua kwamba makadirio mazuri si ubashiri.

Jioni ya pili tunapendekeza mazungumzo juu ya sotoka. Katika miaka ya 1890 ugonjwa huo uliua ng'ombe wengi sana wa Afrika Mashariki, pamoja na nyati na nyumbu. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu pia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu, waliokuwa kiasi cha 250,000, wakaongezeka na kupita milioni moja katika miaka ya 1970. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Mtoto wa mfugaji akisikia habari hizi karibu na moto, huku nyumbu wakilia gizani, atatambua kwamba chanjo ya zizi la babu yake ilisaidia kuwaleta. Hapo ndipo aweza kuisema hifadhi kuwa ni yake, pamoja na hasara zake, bila mwalimu kumlazimisha.

Baada ya safari

Safari isiishie langoni. Katika juma linalofuata kila kamati itoe taarifa: tulikadiria nini, tulitumia nini, tofauti ilitokana na nini. Kamati ya chakula iliyorudi na kilo 6 za unga imejifunza, ikiwa tu itasema sababu. Kamati ya kumbukumbu iandae magazeti ya ukutani, na wazazi waalikwe waje kusikiliza. Swali la gharama na faida lililoanza darasani lijibiwe mbele yao, na wazazi wapewe nafasi ya kupinga. Mwishowe darasa liandike barua ya shukrani kwa uongozi wa hifadhi, na katika barua hiyo liulize kwa adabu lile ambalo bado halijajibiwa, liwe la tembo shambani au la mpaka wa malisho. Barua ya namna hiyo hufundisha uraia vizuri kuliko kurasa nyingi za kitabu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kamati ya njia imechagua kwenda mwezi Aprili, na darasa limekubali kwa kura. Je, mwalimu atengue uamuzi huo au awaongoze kuubadilisha? Eleza utakavyofanya.

2. Mwanafunzi anasema mbele ya darasa: "Tembo wamekula mahindi yetu, kwa nini tuwahifadhi?" Andika mazungumzo mafupi yanayoonyesha jinsi utakavyolipokea swali hilo.

3. Darasa lako lina wanafunzi 64, na gari linachukua 35 pamoja na watu wazima. Pendekeza njia mbili za haki za kupanga safari, na taja udhaifu wa kila moja.

4. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 la Hisabati kwa kutumia hesabu ya maji ya kambi. Onyesha ni wapi utakapowaacha wanafunzi wakosee kabla ya kuwasaidia.